Mama Vista na Duka Tupu

Huko Moshono watoto wanamwita Bibi Vista, na ukiwauliza kwa nini, watakuambia ndilo jina lake. Wengine wanadhani ni jina la ukoo. Mmoja aliwahi kumhakikishia mwalimu wake kuwa bibi huyo zamani alikuwa na hoteli. Hakuwahi kuwa na hoteli, hata kibanda cha chipsi hakuwa nacho. Alibatizwa Marta, binti wa Anaeli Swai wa Machame, na hilo la Vista alipewa Arusha mjini mwishoni mwa miaka ya tisini, enzi ambazo ukitaka kujua jambo lolote la dunia hii ulipanda ngazi za duka la intaneti la Nasri, mtaa wa Goliondoi, ukamwomba Marta, aliyejulikana pale kama Mama Aikande, akutafutie kwenye AltaVista.

AltaVista imeshakufa. Ilikuwa mtambo wa kutafutia mambo kwenye intaneti, ikitajwa pamoja na wenzake akina Lycos na Excite, ambao nao leo ukiwataja vijana wanakutazama kama umetaja aina ya sabuni. Kwa watu wa Goliondoi siku zile, AltaVista ndiyo ilikuwa intaneti yenyewe. Ilipofungwa rasmi mwaka 2013, huenda katika Arusha nzima aliyesikitika ni mtu mmoja tu, na hata huyo alikuwa ameshaiacha miaka kumi na miwili nyuma, kwa kisa hiki.

Kwanza ieleweke kuwa Marta hamwamini mtu. Akinunua kilo ya sukari anaipima upya nyumbani kwa mizani yake mwenyewe. Akiletewa maziwa anachovya njiti ya kiberiti kuona kama yametiwa maji, na yakiwa hayakutiwa, anashangaa kwa nini. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, Marta anafumba moja. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akitania kwamba siku ya ndoa yao alimwomba Marta ampe mkono, naye akauliza wa nini.

Hakuzaliwa hivyo. Alifanya kazi miaka kumi na minne kwenye ghala la shirika moja la umma, zile siku za foleni, na ghala lilimfundisha mambo mawili ambayo hayakumtoka tena. La kwanza ni duka tupu. Mwananchi aliingia dukani akakuta rafu nyeupe, zimefutwa vumbi vizuri, na muuzaji ameketi anafuma kitambaa cha meza. Hakuna sukari, hakuna kanga, hakuna hata kiberiti. Lakini vitu vilikuwepo. Vilikuwa vimepitia mlango wa uani kwenda kwa wanaojuana. Marta aliviona kwa macho yake vikipita, na tangu hapo akishaona mahali pasafi hapana kitu, haulizi kama kuna mlango wa nyuma. Anauliza uko upande gani.

La pili ni jina. Mwaka 1986 kuna mtu aliandika jina la Marta Swai kwenye hati ya kutolea mzigo, akaiga na saini yake, na mifuko arobaini ya sukari ikatoka ghalani hadi leo haijulikani ilikokwenda. Marta alilala kituo cha polisi siku mbili kabla haijaonekana kuwa saini si yake. Alitoka akiwa na funzo moja: jina lako likiandikwa mahali ambapo wewe hupo, kesho utaulizwa wewe. Tangu siku hiyo hakuandika jina lake kamili mahali popote ila alipolazimika, na alipolazimika aliliandika kwa herufi ndogo ndogo, pembeni, kana kwamba litapita bila kuonekana.

Kisha soko likafunguliwa na mashirika yakafungwa. Mwaka 1993 Marta alipewa barua ya kumshukuru kwa utumishi mwema, akarudi nyumbani na taipureta ya ofisi aliyouziwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Na hapo ndipo anapoingia Hatibu.

Hatibu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mkazi wa Kaloleni, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye mikono mikubwa. Miaka ishirini alikuwa amepanda Mlima Meru kama mpishi, akiwapikia Wazungu kule kwenye mabanda ya juu ambako hata maharage yanasita kuiva. Zama za ruksa zilipokuja, biashara za watu binafsi zikaachiwa, akanunua Land Rover kuukuu, akaandika ubavuni HATIBU SAFARIS, na kampuni nzima ikawa yeye, gari, na sufuria zake. Barua za kwenda kwa wageni alimpa Marta azichape. Akamtaja kwa waongoza watalii wengine, nao wakaleta zao. Nasri alipofungua duka la intaneti mwaka 1998, Hatibu alimchukua Marta kwa miguu hadi Goliondoi, akasimama mlangoni akasema, "Nasri, huyu mama namfahamu mimi." Hakusema neno jingine, wala Nasri hakuuliza cheti. Marta akaanza kazi Jumatatu.

Kazi ilimkaa utadhani alishonewa. Watu walikuja hawajui hata kushika mausi, na Marta aliketi mbele ya kioo akiwahoji kama yuko kaunta ya polisi. Unamtafuta nani? Wa nini? Yeye anajua kwamba unamtafuta? Akiridhika ndipo alipoandika, kwa vidole viwili, akijua mahali pa kuweka alama ya kujumlisha na mahali pa kufunga maneno kwenye nukuu ili AltaVista isimletee takataka. Alimpata mwanafunzi wa Kimandolu aliyepotelea Poland. Alikipata kiwanda cha vipuri vya mashine ya kukobolea kahawa ambacho mwenye mashine alidhani kilishafungwa. Ndipo watu wakaanza kusema nenda kwa Mama Vista.

Nasri akamfundisha kutengeneza kurasa, na ukurasa wa kwanza Marta aliutengeneza kwa ajili ya Hatibu, bila kuombwa. Hapa inabidi kusema ukweli usiopendeza. Marta aliwachukia flaikacha, wale vijana wanaowavizia watalii stendi wakiwapigia makelele ya "safari, safari, bei poa". Akiwapita alikuwa akisonya na kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini aliigundua tabia ya AltaVista mapema. Mtambo ule uliupima ukurasa zaidi kwa maneno ya ukurasa wenyewe. Ukijiita safari mara moja, ulikusikia kidogo. Ukijiita mara mia, ulidhani wewe ndiye safari yenyewe. Basi Marta akaandika chini ya ukurasa wa Hatibu maneno safari, Meru, Kilimanjaro, Serengeti, mara mia tatu, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, mgeni asiyaone ila mtambo uyasome. Flaikacha wa stendi walifanya hivyo hivyo kwa midomo yao, ila wao angalau walionekana.

Ikashika. Miaka miwili mtu yeyote duniani akiandika "Mount Meru safari" alikutana na Hatibu wa Kaloleni wa kwanza kabisa. Wageni walikuja kwa zamu, Hatibu akapaka gari rangi, na mkewe Swabaha akawa anamletea Marta sambusa kila Ijumaa. Marta alizipasua kwanza kuona ndani, kisha akala kwa furaha.

Pamoja na maombi ya safari zilikuja imeili za aina nyingine. Mgeni aliyekwisha kurudi kwao aliandika: nina ukurasa wangu mdogo wa picha za safari, naomba niweke jina la Bwana Hatibu na kiungo cha kuelekeza watu kwenu. Ya kwanza ilimshtua Marta mpaka akasimama. Kwa nini mtu aliyeko Kanada atake kuandika jina la Hatibu mahali ambapo Hatibu hayupo? Anapata nini? Kesho yakizuka ya kuzuka ataulizwa nani? Aliketi akajibu kwa Kiingereza cha ofisi: Hapana. Jina ni mali ya kampuni. Tafadhali usiliandike. Na chini yake, badala ya jina, aliweka neno moja: Uongozi. Uongozi wa kampuni yenye gari moja.

Zilikuja kumi na tisa za namna hiyo. Alizijibu zote vilevile, na hakumsumbua Hatibu hata kwa moja, kwa kuwa aliona anamlinda. Ila kwa vile hakuiamini kompyuta kutunza kitu, kila barua aliichapa kwa printa, akaitoboa matundu na kuifungia kwenye boksi faili jeusi chini ya meza yake.

Mwaka 2000 Nasri alirudi kutoka Nairobi na habari mpya. Alimwita Marta kwenye mashine ya dirishani.

"Mama Aikande, njoo uone. Huu ndio wanatumia watu sasa. Unaitwa Google."

"Gugo?"

"Google."

Marta alitazama. Ukurasa mweupe. Jina katikati, kisanduku kimoja cha kuandikia, basi. Alizungusha macho juu mpaka chini, akasogeza kiti.

"Vitu viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Hapa hakuna kitu. Rafu tupu."

"Si unaandika unachotaka, Mama, unaletewa."

"Kutoka wapi?" akauliza Marta, na Nasri akacheka, jambo ambalo lilimthibitishia kuwa hana jibu.

Kwa Marta mambo yalikuwa wazi. Mlango wa mbele mweupe, mali uani, na muuzaji anakupa anachotaka yeye. AltaVista yake ilikuwa duka la ruksa: siku hizo ukiifungua ilikuwa imeshajaa habari, matangazo, hali ya hewa ya miji ambayo mvua yake haimhusu, na mahali pa kununulia viatu. Ilikuwa imejaa mno, hata kile kisanduku cha kutafutia ilibidi ukitafute. Kwa laini ya simu ya Nasri ilichukua muda mrefu kufunguka, wateja wakawa wanashuka kununua maandazi na kurudi. Google ilifunguka kabla hujakaa sawa. Wateja, ambao hawakuwahi kufanya kazi ghalani, wakaanza kuhamia mashine ya dirishani. Marta aliwatazama kwa huruma. Kitu cha kweli hakiji haraka namna hiyo, alisema, na hakuna aliyemsikiliza.

Aprili ya mwaka uliofuata imeili za Hatibu zilipungua. Mei zilikuja mbili. Msimu wa Juni, ambao ndio unaomlisha mwongoza watalii mwaka mzima, ulikuwa unagonga mlango, na kwenye daftari la wageni hakukuwa na jina hata moja. Siku moja asubuhi Hatibu alipanda ngazi za Nasri, akakaa mbele ya Marta, mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Shikamoo, Mzee Hatibu."

"Marahaba, Mama Aikande. Nimekuja kukuaga kidogo. Sikuagi wewe, naaga hii kazi. Gari naliuza."

"Unaliuza kwa nani?"

"Loserian amekubali kulichukua. Atalifuata Jumamosi baada ya adhuhuri."

Marta alimjua. Loserian naye alikuwa na kampuni ya safari, magari sita na ofisi yenye zulia, na mara mbili Marta alimwona dukani amesimama nyuma ya kiti chake akichungulia kioo. Kumbe. Kamla mwenzake mpaka mifupa, sasa anakuja kuchukua na ngozi.

"Mzee, huyo ndiye aliyekuchukulia wageni."

"Loserian?" Hatibu akatikisa kichwa. "Mimi ndiye niliyemfuata, mama. Hakutaka hata kununua, nilimbembeleza. Wageni hawakuchukuliwa. Wageni wamenisahau tu. Miaka yote hii ninawapikia, nawashusha mlimani kwa mkono, wakifika kwao hata salamu. Si vibaya. Mpishi ni mpishi."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililomchoma Marta. Alipokwisha kushuka ngazi, Marta aliifungua AltaVista akaandika maneno yaleyale. Hatibu Safaris, wa kwanza, palepale pake. Kwa hiyo ukurasa uko salama. Basi wezi wako kule kwenye duka tupu.

Akaenda mashine ya dirishani, mara ya kwanza kwa hiari yake, akaandika kwenye Gugo. Ukurasa wa kwanza, Hatibu hayumo. Wa pili hayumo. Alifika wa kumi na mbili hajamwona. Lakini kampuni ya Loserian ilikuwa ya sita.

"Nasri!" Sauti yake ilifanya wateja watatu waondoe mikono kwenye kibodi. "Huyu Loserian kamhonga nani?"

Nasri alikuja na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amemzoea. "Hakuna aliyehongwa, Mama. Huu mtambo hausikilizi sana unavyojisema mwenyewe. Unaangalia nani anakutaja. Watu wenye kurasa zao wakiweka kiungo cha kuja kwako, wewe unapanda. Na wanaokutaja wakiwa wenyewe wanatajwa na watu, unapanda zaidi. Loserian wageni wake wamemwandika huko kwao."

"Kwa hiyo unauliza nani anakufahamu."

"Ndiyo hivyo."

"Kama mdhamini."

"Kama vile Mzee Hatibu alivyokuleta hapa," akasema Nasri. "AltaVista ilimwamini anayejisifu. Watu wakajua kuihadaa, kila mtu akaandika safari mara mia, mtafutaji akawa analetewa wapiga debe watupu. Ndiyo maana watu wameihama. Si weupe wa ukurasa wala nini."

Marta alimsahihisha moyoni tu. Mara mia tatu, si mia. Alikaa akikitazama kile kisanduku cheupe, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama aliyefungua mlango wa uani ni yeye mwenyewe.

"Basi Mzee hakutajwa na mtu," alisema mwishowe, na alitaka iwe kweli.

"Andika kitu ambacho wageni wangesema juu yake. Usiandike kampuni."

Wageni wangesema nini juu ya Hatibu? Aliandika kwa Kiingereza, kwa vidole viwili: mpishi, supu, Mlima Meru.

Wa kwanza kabisa ulikuja ukurasa wa Uholanzi. Ulikuwa na picha ya mama wa makamo mwenye kofia ya sufu, ameketi kwenye ngazi za banda la mlimani, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili. Chini yake yalikuwepo maandishi kwa Kiholanzi na kwa Kiingereza. Mke wangu aliugua kule juu, yalisema. Hakuweza kumeza kitu. Mpishi wetu alikaa naye akimnywesha supu ya maboga na tangawizi kijiko kwa kijiko, na kulipopambazuka akamshusha kwa mkono, hatua kwa hatua. Aliishi miaka mitatu zaidi, na kila Jumapili aliipika supu hiyo. Nimeandika hapa namna ya kuipika, kwa kumbukumbu yake. Tuliombwa tusilitaje jina lake, nasi tunaheshimu.

Nasri alisoma begani mwake. "Watu wengi sana wameuelekezea huu ukurasa, Mama. Mapishi haya yamezunguka dunia." Kisha akasoma tena mstari wa mwisho. "Sasa Mzee alikataa jina lake kwa nini?"

Marta aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata kule kituo cha polisi, kwa sababu kule alijua hakufanya kitu. Alienda chini ya meza yake, akatoa boksi faili jeusi, na kwenye barua ya kumi na moja akamkuta Mholanzi huyo. Mwalimu mstaafu. Anaomba ruhusa. Anaeleza habari za mkewe, na mwishoni anasema: mpe Bwana Hatibu salamu zetu, mwambie hatumsahau. Marta alikumbuka siku ile. Hakufika mwisho wa barua. Aliona neno jina, akajibu.

Alizisoma zote kumi na tisa palepale sakafuni. Kila moja ilikuwa na salamu.

Jumamosi baada ya adhuhuri aliingia uani kwa Hatibu, Kaloleni, na boksi limembana kwapani. Land Rover ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa. Hatibu alikuwa anakwangua yale maandishi ya ubavuni kwa kisu. Alishafika kwenye herufi ya tatu. Loserian alikuwa ameketi kwenye stuli anakunywa uji, na alipomwona Marta alisimama akamsalimu kwa adabu kubwa. Marta alimtazama aone uongo uko wapi. Hakuuona, na hilo nalo likamwongezea mzigo.

"Mzee Hatibu, hebu weka kisu chini."

"Kuna nini, Mama Aikande?"

"Wageni hawakukusahau. Waliandika. Walitaka kukutaja, mimi nikawakataza. Sikukuambia."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Hatibu. "Uliwakataza kwa nini?"

"Niliogopa. Jina likiandikwa mbali, sijui litafanyiwa nini. Niliona nakulinda." Akalishusha boksi kutoka kwapani. "Nimekukosea, Mzee. Nimekukosea sana."

"Wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," Hatibu akarudia, na akaketi kwenye bampa la gari. "Miaka yote hii nashuka mlimani najiambia, Hatibu, supu yako si kitu, wanakunywa kwa sababu kuna baridi."

Swabaha alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko. Loserian aliweka bakuli chini, akasema kwamba yeye na gari wanaweza kusubiri, akajiondokea taratibu bila kuomba funguo.

"Nisomee," Hatibu akasema.

Marta akasoma. Kila moja aliitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno, kwa sababu hakujiamini kufupisha. Mmoja alikumbuka wimbo ambao Hatibu alikuwa akiimba anapomenya viazi. Mmoja aliuliza kama goti lake limepona. Alipofika ya Mholanzi ilibidi apumzike katikati, na Hatibu akajifuta uso kwa kiganja akasema, "Huyo mama namkumbuka. Alikuwa akiniambia supu imezidi tangawizi. Ilikuwa imezidi kweli."

Jua lilikuwa limeshavuka paa la jirani barua zilipokwisha. Marta aliendelea kuketi na boksi magotini akisubiri kufukuzwa. Badala yake Hatibu alimwomba Swabaha amletee mama kalamu na karatasi.

"Mwandikie huyo mwalimu. Mwambie nampa pole. Mwambie jina langu alitaje, na tangawizi apunguze. Kisha waandikie wote."

Marta akaandika, kwa mkono, ili akachape baadaye. Alipofika chini kalamu ilienda yenyewe: Uongozi, kwa Kiingereza. Hatibu hakujua Kiingereza kingi, lakini neno hilo alilijua.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi, Mzee."

"Basi andika wewe. Mimi nilipokupeleka kwa Nasri sikusema naleta uongozi. Nilisema huyu mama namfahamu." Akamsogezea karatasi. "Barua ya kuomba radhi haina jina? Hiyo ni barua ya mwizi."

Marta alilikata lile neno. Akaandika jina lake lote, la ubatizo, la baba na la ukoo, katikati ya karatasi, kwa herufi kubwa.

Si wote kumi na tisa waliojibu. Tisa walijibu, na tisa walitosha. Agosti Land Rover ilipanda Momela, lango la Mlima Meru, na wageni wanne, na ile H iliyokwanguliwa pamoja na A na T zikapakwa rangi upya, ingawa mpaka gari linauzwa miaka mingi baadaye, herufi hizo zilikuwa nyeusi kuliko zile nyingine. Marta aliyafuta yale maneno meupe mara mia tatu, moja moja. Akawa anatumia Gugo, akiwa amefumba jicho moja.

Mwalimu wa Uholanzi alibadilisha mstari wake wa mwisho wiki ileile. Ukurasa ukasema supu hii ni ya Bwana Hatibu wa Arusha, ambaye tulimpata tena kwa barua ya Marta Anaeli Swai. Nasri alimwonyesha. Marta aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akakagua herufi za jina lake moja baada ya nyingine kuona kama hazikukosewa. Hazikukosewa. Akamwomba Nasri amchapie nakala, akaitoboa matundu, kisha akarudi kwenye kioo akakagua tena.